Kabla Mteja Hajaketi: Maandalizi ya Kuzuia Maambukizi Saluni

Mteja akishaketi, muda wa kujiandaa umepita. Yeye ana haraka, wewe mikono imeshika kazi, na kifaa kilichobaki na uchafu wa aliyetangulia kitatumika hivyo hivyo. Kwa hiyo karibu kila jambo la kuzuia maambukizi hufanyika kabla.

Anza na vifaa, na hapa tusikimbie. Kusafisha ni jambo moja, kuua vijidudu ni jingine, na la kwanza halirukwi. Chukua mkasi wa kucha, ufungue, utazame kwenye maungio: mara nyingi utaona utando mweupe wa ngozi na losheni iliyokauka. Ukiutumbukiza hivyo kwenye dawa, dawa haitafika chini ya utando huo. Sugua kwanza kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, kausha, kwa kuwa maji yaliyobaki huzimua dawa. Ndipo uuzamishe wote, mpaka mpini, kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Dawa nyingi hutaka dakika 10. Kuchovya na kutoa hakusaidii kitu.

Sindano na nyembe ni za mteja mmoja, kisha zinaingia moja kwa moja kwenye chombo kigumu kisichotoboka. Vifaa vya chuma vinavyotoboa ngozi na kurudiwa huhitaji mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Kabati la mwanga wa bluu linalopendwa sana kwenye saluni halichukui nafasi yake: mwanga haufiki kwenye kivuli wala chini ya uchafu. Lifanye la kuhifadhia tu. Tupa za karatasi za kusugulia kucha, vijiti vya mbao na sponji havitakasiki, hata mteja awe ndugu yako. Mpe aondoke navyo au uvitupe.

Beseni la miguu lenye mashine ya kuzungusha maji nalitilia mkazo zaidi. Mwaka 2000, huko California nchini Marekani, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu sugu miguuni. Bakteria walikutwa nyuma ya vichujio vya mabeseni, palipokuwa pamejaa nywele na vipande vya ngozi. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo fungua kichujio, usiishie kufuta beseni kwa juu, na mteja anapoweka miadi mwambie asinyoe miguu siku hiyo.

Nta ya kuondolea nywele na krimu hazina maelezo mengi: kijiti kilichogusa ngozi hakirudi kwenye chombo, na kidole hakiingii kabisa.

Mkague mteja pia, kwa heshima. Muulize kama anatumia krimu au dawa za chunusi zinazodhoofisha ngozi, maana nta inaweza kumchuna. Ukiona malengelenge mdomoni, upele, mapunye au jicho jekundu, ahirisha. "Dada, tusubiri hiki kipone, nisije nikakusambazia" inatosha, na wengi watakushukuru.

Mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, pete zikiwa zimevuliwa. Glovu haziondoi wajibu huo, na ukishika simu ukiwa umezivaa, zibadilishe.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipate mapema, kwa kuwa kwa kawaida dozi zake 3 huchukua miezi kadhaa kukamilika. Virusi hivyo huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu kidogo usiyoiona kwa macho.

Mwisho, panga utafanya nini damu ikitoka. Weka karibu shashi safi, glovu na dawa ya klorini. Ukichomwa wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usilikamue, nenda kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Jina na simu ya kituo hicho viandikwe ukutani leo, mahali ambapo hata msaidizi mgeni atavikuta bila kuuliza.