Namna ya kuisoma mvua ya bonde la Pangani kabla hujamwaga mbegu

Ikikaribia mwezi wa tatu swali ni lile lile, "jamani masika inaanza lini Kilimanjaro?", na majibu yanakuja kibao. Wa Machame kule mlimani anasema huku tunalala na masweta mvua haikati, wa Same kwenye ukame anasema huku mbuzi wanakula maboksi, na wote wawili wanasema kweli. Bonde hili linaanzia kilele cha Kibo, mlima Kilimanjaro, mita 5,895 linaishia kwenye minazi ya Pangani baharini, sasa ukiuliza hali ya hewa ya bonde zima kwa mpigo hupati jibu la kukusaidia. Uliza ya shamba lako.

Anza na mwinuko. Simu nyingi zina dira inayoonyesha mita kutoka usawa wa bahari, simama shambani uangalie. Kila ukipanda mita 100 joto linashuka nusu digrii na ushee. Moshi mjini ni mita 800 hivi na geti la Marangu la kupandia mlima linakaribia 1,900, kwa hiyo hapo kuna tofauti ya digrii sita mpaka saba na ni mwendo mfupi tu wa daladala. Mahindi ya muda mfupi aliyokusifia shemeji yako wa Kahe huko tambarare ukiyapeleka juu yatachelewa sana kukomaa, usije ukalaumu duka la pembejeo. Na kahawa za juu zile baridi na unyunyu wa mwezi wa sita mpaka wa nane ndo chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, unaupenda, kwa hiyo dawa ipangwe mapema.

Halafu angalia mlima uko upande gani wa shamba lako, na hapa ndo wengi wanapotea. Upepo wa masika unatoka baharini kusini mashariki, ukigonga mlima hewa inapanda, inapoa, inamwaga maji huko huko, ikishavuka upande wa pili haina kitu. Msitu wa juu ya Machame na Kibosho unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukishuka mpaka kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC unakuta 500 hivi, na miwa yote unayoiona pale inaishi kwa umwagiliaji. Same nayo iko nyuma ya milima ya Pare, ndo maana wazee wa Upare walichimba ndiva za kukinga maji usiku wayagawane asubuhi, na Wachaga wakachonga mifongo, mifereji ya kuteremsha maji, maana walishajua mvua ni ya mlimani na ya tambarare ni maji yanayoshuka. Kukaa karibu na bwawa nako hakusaidii, Nyumba ya Mungu ina maji kibao na pembeni yake ni vichaka vya miiba na vumbi.

Kuna watu wanasema barafu ya Kibo ikiisha mito itakauka. Barafu imepungua sana kweli, zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ila maji mengi ya mito yetu yanatoka kwenye mvua ya ule mkanda wa msitu, sio kwenye barafu. Kwa hiyo ukitaka kujua mfongo wako utakuwaje mwakani angalia msitu unavyokatwa.

Sasa utabiri. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wanatoa wa masika (Machi mpaka Mei) na wa vuli (Oktoba mpaka Desemba), na bonde letu limegawanyika kwao, Arusha na Kilimanjaro ziko nyanda za juu kaskazini mashariki, Tanga iko pwani ya kaskazini, so mtu wa Korogwe huko Tanga akisoma ya Moshi anajidanganya. Wakisema "chini ya wastani" maana yake ni chini ya wastani wa mahali pako. Machame ikipungukiwa robo bado migomba inacheka, Same ikipungukiwa robo mahindi yanaungua, hapo weka mtama au lablab (jamii ya maharage inayovumilia ukame) usibishane na mbingu. Mwaka wa El Niño vuli ndo inayolipuka zaidi, 1997 na 2023 tuliona.

Kupanda sasa. Mvua ya kwanza isikutoe mbio, mara nyingi ni rasharasha inanyesha siku mbili inakata wiki mbili mbegu inaozea chini. Fukua na jembe mpaka kina cha kiganja, chukua konzi ya udongo ufinye, ukishikamana na chini kabisa kuna ubichi panda, ukisambaratika rudi nyumbani. Tengeneza na kipimo chako: chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye kuta zilizonyooka, kata shingo uigeuze uipachike juu ya chupa iwe faneli, weka kokoto chini, jaza maji mpaka zile kuta zinaponyooka na hapo ndo sifuri, bandika rula. Iweke mbali na paa na miti, soma kila asubuhi halafu urudishe maji kwenye sifuri. Ukiandika kwenye daftari misimu kadhaa utaijua mvua ya shamba lako kuliko mtu yeyote.

Wa tambarare mna kazi moja ya ziada, kutazama mlima badala ya mbingu ya kwenu. Mito ya Weruweru na Kikuletwa inaweza kufurika jua likiwa linawaka huku chini, maana mvua imepiga juu usiku, kwa hiyo ukiona wingu jeusi limeukalia mlima tangu jioni ondoa pampu na ng'ombe mtoni mapema. Na wa Pangani mjini kiangazi mto ukipungua nguvu maji ya chumvi yanapanda juu, onja kwanza kabla ya kumwagilia bustani, ikiwa chumvi imeshafika chota ya kisima mpaka masika ya huko juu iteremke.