Pigo lililopotea kati ya nukta mbili za grafu

Unapoiga mgongano kwa kompyuta, usichanganye hatua ya hesabu na muda wa kuhifadhi matokeo. Kwa elementi, yaani kipande kidogo ambamo umbo hugawanywa ili lipigiwe hesabu, ya feleji yenye upana wa milimita 5, ambamo wimbi husafiri takriban mita 5,000 kwa sekunde, programu hupiga hesabu karibu kila sekunde 0.000001, lakini ukihifadhi nguvu kila sekunde 0.001, pigo linalodumu sekunde 0.0002 laweza kupita lisionekane kabisa, na mitetemo ya kasi inayofuata ikajitokeza, jambo la hatari zaidi, kama mawimbi ya polepole ambayo hayakuwapo. Hifadhi nguvu za nodi (nukta zinazounganisha elementi) chache kila sekunde 0.00001, na umbo zima mara chache tu, maana hilo ndilo hujaza diski. Kuchuja, yaani kuondoa mitetemo ya kasi mno, kufanyike kabla ya kuhifadhi.