Waulize wanafunzi kwanza kujisomea kunawagharimu nini

Nafundisha Baiolojia kidato cha tatu na cha nne. Kwa miaka mingi niliwasisitizia wanafunzi wangu: soma mada mara moja, funika daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe. Waliitikia wote. Usiku nikipita prepo, kipindi cha kujisomea, nawakuta wanarudia notsi zilezile kwa mara ya nne, kalamu nyekundu mkononi, wanapigia mistari.

Siku moja nikaacha kuwashawishi. Niligawa vikaratasi, bila majina, nikauliza: kufunika daftari kunakugharimu nini? Wakaandika. Inakula muda na kesho kuna jaribio la Kemia. Nikiona sikumbuki, nakata tamaa. Mwenzangu ataona nimekosa. Naelewa kwa Kiswahili, Kiingereza kinanishinda. Hakuna aliyesema njia ni mbaya. Waliiona ghali.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, anza na vikaratasi. Gharama anayoiona mwanafunzi siyo unayoidhani wewe.

Wanaolalamikia muda, wapunguzie kazi. Usiwaambie wakumbuke mada nzima ya mzunguko wa damu. Waambie wachore moyo kwa dakika 5 bila kuangalia popote, waonyeshe vyumba 4 na damu inakoingia na kutokea. Dakika 5 ziishe kweli zikiisha.

Suala la lugha nilichelewa kulielewa, na linaniuma. Kwa kuwa mtihani wa taifa wa Baiolojia ni wa Kiingereza, nilidai wakumbuke kwa Kiingereza tangu mwanzo. Mtoto akawa analipa mara mbili: atafute wazo, atafute na neno. Siku hizi mara ya kwanza wanaandika kwa Kiswahili au wanachora. Kesho yake ndipo wanaongeza maneno ya Kiingereza pembeni. Binti mmoja aliyekuwa hagusi kalamu alijaza ukurasa akieleza kwa nini upande wa kushoto wa moyo una ukuta mnene kuliko wa kulia: huu wa kulia unapeleka damu mapafuni tu, ule wa kushoto unaisukuma mwili mzima.

Kuhusu aibu, daftari la kujikumbusha silikusanyi wala silitii alama. Nalitazama nikiombwa tu.

Kukata tamaa ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kurudia notsi kunampa mtu raha ya kuona anajua. Hapo nawasimulia jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke, la mwaka 2006, kwa wanafunzi wa chuo Marekani. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 81, na waliosoma mara moja kisha wakajikumbusha, 75. Baada ya wiki moja waliosoma mara mbili walibaki na 42, waliojikumbusha, 56. Kisha tunajaribu wenyewe: nusu ya darasa inarudia ukurasa mmoja, nusu inafunika na kuandika, Jumatatu ijayo wote wanajibu maswali yaleyale 10. Wanahesabu wao, mimi nakaa kimya.

Mtihani wa Novemba ukikaribia, gawa vikaratasi tena. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, wengi waliandika neno moja: usingizi. Nikaziondoa zile dakika 5 kwenye prepo, nikazihamishia asubuhi kabla ya mstarini.