Kabla Hujatia Mkasi: Kinyago cha Macho cha Mchezo wa Shule

Kinyago cha macho kinakula kitambaa kidogo kuliko kola ya shati, na ndiyo maana watu hukidharau. Mzazi anaambiwa Jumatano kwamba mwanawe ndiye Sungura kwenye mchezo wa siku ya wazazi. Anachomoa kipande cha kitenge kwenye mfuko wa mabaki, anatoboa matundu mawili kwa kukadiria, anapachika lastiki. Ijumaa Sungura yuko jukwaani, mkono mmoja umeshikilia kinyago, na kila akimgeukia Fisi jicho moja linapotelea nyuma ya kitambaa. Ukikikagua kinyago chenyewe, mshono ni safi kabisa. Kilichokosekana ni maswali machache ambayo yangeulizwa kitambaa kikiwa bado kizima.

La kwanza ni hili: mvaaji atafanya nini akiwa nacho usoni? Mtoto wa kusimama na kuimba kwaya anaweza kuvumilia kinyago kipana. Mwenye maneno ya kusema anahitaji mdomo na pua viwe wazi, la sivyo sauti yake inaishia kwenye kitambaa na wazazi wa viti vya nyuma hawasikii kitu. Waigizaji wa vichekesho wa Italia walilijua hilo tangu karne ya 16. Arlecchino, mhusika wao wa mtumishi mcheshi, alivaa kinyago cha nusu uso, akabaki na kinywa huru kwa porojo zake. Kwa hiyo ukingo wa chini uishie juu ya shavu, na katikati uinuke kidogo kupisha pua. Masharubu ya sungura usiyashone, yachore shavuni kwa wanja.

Halafu chukua futi, na mtoto awepo. Kupima kinyago kwa kaka yake ambaye "wanafanana" ni kujidanganya. Kipimo kinachobeba kazi nzima ni umbali kutoka mboni ya jicho moja hadi mboni ya jingine. Mtoto aangalie mbele kwa mbali, wewe uweke rula kwenye kipaji chake, usome. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 5.5 na 7, na watoto huwa chini ya wakubwa, kwa hiyo kiolezo cha mtu mzima kikipunguzwa kwa macho tu hakitamkaa. Pima pia upana wa uso kutoka pembe moja ya paji hadi nyingine, na mzunguko wa kichwa mahali lastiki itakapopita, nywele zikiwa zimesukwa kama zitakavyokuwa siku yenyewe. Mtindo wa nywele ukibadilika Alhamisi usiku, hesabu ya lastiki nayo imebadilika.

Sasa kiolezo. Boksi la biskuti linatosha, hakuna haja ya kununua karatasi. Likunje katikati, chora nusu ya uso tu, ukate pande zote mbili kwa pamoja ili kulia na kushoto kufanane. Kibandike usoni kwa utepe wa gundi, kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: mwambie mtoto asimame wima aangalie vidole vyake vya miguu bila kuinamisha kichwa sana. Asipoviona, ngazi za jukwaa hataziona pia. Kinyago huiba zaidi upande wa chini na pembeni, na hapo ndipo wenzake wanapopita mbio wakibadilisha nafasi. Panua tundu kwenda chini na kwenda pembeni, usipanue kwenda juu, maana juu unaongeza mwanya usiomsaidia kuona ngazi. Rudia mpaka atembee chumbani bila kugonga kiti. Umbo zuri la jicho la paka, lile jembamba lenye ncha, hupendeza kwenye picha na humpofusha mvaaji. Kwa mtoto mimi siliafiki.

Tundu lina ujanja wake. Ukingo ukikunjwa ndani tundu linapanuka, kwa hiyo lililochorwa kwa kipimo kamili litaishia kubwa kuliko ulivyotaka. Kama hutakunja, pigia mshono kuzunguka mstari kwanza, tabaka zote zikiwa pamoja, ndipo ukate katikati kwa mkasi mdogo wenye ncha. Kitambaa kilichokatwa kabla ya kushonwa huvutika kwenye mzunguko, na jicho moja linageuka yai. Amua njia mapema, kwa sababu ndiyo itakayokuambia uchore tundu la ukubwa gani.

Kuhusu kitambaa, kitenge peke yake hulegea na kugandama usoni kwa jasho. Kiwekee katikati kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hubandika kwenye kola, na upande wa ngozi uweke bitana ya pamba. Satini inang'aa vizuri kwa mbali ila huteleza chini ya sindano na huchambuka nyuzi pembeni. Kama hujazoea cherehani, iache. Barakoa za wanawake wa Oman, zilizovaliwa pia Unguja zamani, zina kijiti kinachoshuka juu ya pua, na kijiti hicho huinua kitambaa kisilale usoni. Wazo hilo unaweza kuliazima kwa kukunja kifinyo kidogo wima katikati na kukishona, bila kutia kijiti wala waya. Kwa mtoto anayerukaruka, kitu kigumu karibu na jicho hakina nafasi.

Moto nao ufikirie mapema. Nailoni na poliesta zikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi, na pamba nyepesi huwaka haraka. Uliza kama kwenye mchezo kuna mshumaa, kibatari au keki ya kuwasha. Kama upo, mwalimu aweke taa ya betri. Ni rahisi kumshawishi mwalimu kabla ya mazoezi kuliko siku ya mchezo.

Cherehani haihitaji maneno mengi. Sindano namba 14 hupita kitenge na gundi yake, ikiruka mishono weka 16. Mshono uwe mfupi, na kwenye pinde zungusha gurudumu kwa mkono. Pasi ipitishwe kabla umeme haujakatika, maana gundi ya kola haishiki bila joto. Mwenye pasi ya mkaa aweke kitambaa safi juu, majivu yasidondokee kazi. Kushona kwa mkono pia kunawezekana kabisa, kazi ni ndogo.

Kufunga ndiko kunakosahaulika. Lastiki nyembamba sana hukata nyuma ya masikio, na pana sana hupanda juu ya nywele na kuruka. Ya milimita 6 hivi inafaa. Urefu wake ni mzunguko wa kichwa ukitoa upana wa kinyago, kisha punguza sentimita mbili tatu kwa ajili ya kuvutika, lakini ibane kwa pini kwanza, ajaribu, ndipo ushone. Binti wa hijabu aulizwe kama lastiki itapita juu au chini ya mtandio. Ikipita juu, apime akiwa amejifunga mtandio huohuo. Mwenye miwani usimwambie aivue, hataliona jukwaa. Afadhali kushona kinyago kidogo kwenye fremu ya miwani kwa vitanzi viwili vya uzi, au kumwachia rangi usoni tu. Kamba za kufunga fundo ziishie nyuma ya kichwa, zisiachwe ndefu zikaning'inia shingoni.

Mapambo yaje mwisho, na yawe machache. Shanga na vito vishonwe kwa uzi uliopitishwa mara mbili, mbali na ukingo wa tundu. Unga wa kumetameta uliomwagwa juu ya gundi hudondoka, na punje yake ikiingia jichoni hukwaruza. Masikio marefu ya sungura yana tatizo lake: uzito wake huvuta kinyago mbele mpaka tundu linashuka chini ya jicho. Yashone kwenye ukanda wa kichwani peke yake, kinyago kibaki chepesi.

Kinyago kiwe tayari angalau kabla ya mazoezi ya mwisho, mtoto akivae akiwa na vazi zima, taa zikiwa zimewashwa, apande na kushuka ngazi akisema maneno yake. Andika jina lake kwenye bitana kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu siku hiyo kutakuwa na sungura wengine. Na mwalimu apewe kipande cha lastiki cha akiba na sindano iliyokwisha kutungwa uzi.