Posti ya kusude ya okazio: kabla hujatoa dola zako

Kila wiki kuna kijana wa hapa Lubumbashi anayeniuliza kama anunue posti ya kusude, yaani mashine ya kuchomelea chuma, ya okazio (iliyokwisha kutumika) ili aanze kujifunza kuchomelea. Mimi nasema inunuliwe, lakini iwe transfo (ile nzito ya nyaya zilizozungushwa, isiyo ya elektroniki), ifunguliwe mbele yako, na umeme wa kwako uweze kuibeba. Kimoja kikikosekana, weka dola zako mfukoni.

1. Anza na umeme wa nyumbani

Wengi hukimbilia kwa muuzaji kwanza. Transfo yenye volti 55 kwenye pensi (kishikio cha bageti), ukichoma bageti (fimbo ya kuchomelea) ya milimita 2.5 kwa ampeya 75, inavuta karibu ampeya 19 kwenye laini ya volti 220. Ukipanda bageti ya 3.2 kwa ampeya 110, inafika 27 na zaidi. Disjonkta (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampeya 16 itakuwa inaruka kila mara, na nyaya nyembamba za ukutani zitaanza kunuka.

Hesabu hiyo ni ya siku ambayo SNEL, shirika la umeme, inakupa 220 kamili. Pima na multimeta (kipimo cha umeme) jioni, wakati mtaa mzima umewasha resho (majiko ya umeme). Ukikuta 170, posti yoyote ya zamani itakuwa inagandisha bageti tu, nawe utadhani ni mkono wako mbaya.

2. Soma kibao cha posti

Tafuta mambo mawili. Kwanza, je, inakula 220 au 380 peke yake? Muuzaji mwenye atelye (karakana) ya 380 atakuchomea vizuri kabisa, ufike nyumbani ukute plagi haina maana. Pili, angalia asilimia iliyo karibu na ampeya. Ikiandikwa 20% kwa ampeya 130, maana yake unachoma dakika 2 katika kila 10, zinazobaki inapoa. Kwa mwanafunzi hiyo inatosha. Zile zilizofungwa hapa hapa mtaani hazina kibao. Hatua inayofuata ndiyo itakayoamua.

3. Fungua

Muuzaji akikataa kufungua, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Plagi ikiwa imechomolewa, weka pua karibu na nyaya: verni (rangi inayofunika nyaya) iliyoungua ina harufu kali ambayo haifichiki kwa rangi mpya ya boksi. Kisha angalia waya zilipofungwa kwenye boloti. Kwangua kidogo pale mwishoni. Shaba ni nyekundu. Ukiona weupe hadi ndani, ni alumini. Ndiyo, katika mji wa shaba tunauziwa alumini. Alumini inafanya kazi, lakini viungo vyake hushika kutu nyeupe, vinalegea na kupata moto, kwa hiyo bei ishuke. Uzito pia unasema: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ujazo uleule.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipite. Weka multimeta kwenye omu. Ncha moja iguse pini ya umeme ya plagi (si ile ya ardhi), nyingine iguse pensi. Swichi ya posti iwe imewashwa, plagi iwe mkononi mwako. Rudia kwa pini nyingine ya umeme, kisha kwa waya wa masi (ule unaobanwa kwenye chuma unachochomelea). Namba isitokee kabisa. Ikitokea, umeme wa ukutani una njia ya kufika moja kwa moja kwenye bageti unayoishika. Zipo posti za kienyeji zilizofungwa hivyo ili kubana waya. Zinachoma vizuri, na msimu wa mvua, miguu ikiwa kwenye udongo umelowa, zinaua. Hiyo usichukue hata ya bure. Pima vilevile kati ya pini hizo mbili za umeme na boksi la chuma.

4. Choma

Njoo na bageti zako za 6013 (aina ya kawaida) zilizo kavu na chuma chako. Choma tatu mfululizo, kisha shika kebo na pensi kwa tahadhari: sehemu inayounguza ndiyo iliyoungwa vibaya. Zungusha mpini wa ampeya toka chini hadi juu. Ukikwama, utabaki na ampeya moja maisha yote.

5. Bei

Okazio ikipita nusu ya bei ya enverta (posti nyepesi ya elektroniki) ndogo mpya, achana nayo. Maski nunua mpya, kioo namba 10 au 11. Vioo vya okazio wakati mwingine ni vioo vya kawaida vilivyopakwa rangi. Macho yatakukumbusha usiku, kama yamejaa mchanga.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Ruashi:* Papa, miye niko na grupu (jenereta) ya kVA 2. Itabeba transfo?

Hapana, mwanangu. Kwa transfo tafuta kVA 5 kwenda juu. Hata enverta, kwa bageti ya 2.5, inataka 3 au 4. Hiyo yako iachie taa na friji.

*Mama wa Kamalondo:* Aksanti kwa somo. Nataka kumununulia mdogo wangu, afanye antivoli (vyuma vya madirisha) na milango. Kuna mtu anauzisha enverta ya okazio, anasema feni inazunguka muzuri.

Feni kuzunguka hakuthibitishi kitu, mama. Inazunguka hata kadi ya ndani ikiwa imekufa. Enverta ya okazio namwachia fundi anayejua elektroniki. Kama mdogo wako hajawahi kushika pensi, mpeleke kwanza kwenye atelye ya jirani. Atajua mwenyewe ni ampeya ngapi anahitaji.

*Mwanachama wa Katuba:* Yangu haishuki chini ya ampeya 80, inatoboa tole (bati la chuma) nyembamba ya mulango. Niiuze?

Usiiuze bado. Choma vidoa vifupi vifupi, weka kipande cha shaba nyuma ya tole kinyonye joto. Kama ni tole yenye zinki, fanyia nje na usisimame moshi unapoelekea. Ikikushinda hata hivyo, tangaza hapa na uandike wazi kwamba inaanzia 80. Fundi wa fremu za magari ataitaka.

*Mtu wa Kampemba:* Na muuzaji akisema kufungua kunaharibu garanti?

Okazio ya barabarani ina garanti gani, kaka? Nenda kwa mwingine.