Somo: Kukaa msituni mikono mitupu, hatua kwa hatua

Kwa wengi wetu hapa Uganda, msitu ni mahali pa kazi. Unaingia kuokota kuni, kuchuma majani ya dawa, au kukata njia kwenda kisimani, kisha unatoka. Mtu akionekana amekaa chini ya mvule peke yake, hana panga wala kikapu, majirani watauliza kama amefiwa. Somo hili linahusu kukaa hivyo hivyo bila kazi, na faida anayoipata mkaaji.

Ushahidi kwanza. Japani ilianza kuwahimiza wananchi wake kwenda msituni kwa ajili ya afya mwaka 1982. Baadaye watafiti wa huko waliwapima watu msituni na mjini, wakaona kwamba msituni mapigo ya moyo hutulia, presha hushuka kidogo, na kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, hupungua. Mwaka 2019 ukatoka uchunguzi wa watu karibu 20,000 Uingereza: waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walijiona wana afya na wameridhika na maisha kuliko wasiokwenda kabisa, wawe walizimaliza siku moja au walizigawa. Huo naupokea kwa tahadhari. Mgonjwa hatoki nyumbani kirahisi, kwa hiyo huenda afya ndiyo iliyowatoa watu nje. Ninaouamini zaidi ni mdogo, wa California, 2015. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine watembee dakika 90 penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwanza ndio waliorudi wakiwa wamepunguza ile tabia ya kutafuna mawazo mabaya juu yao wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa karibu. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898 kando ya ziwa, ni nzuri mno. Msitu wa Mpanga karibu na Mpigi pia, na Mabira ukielekea Jinja. Lakini piga hesabu ya teksi na kiingilio. Mfenesi ulio nyuma ya nyumba, unaoufikia kila wiki kwa miguu, utakufaa kuliko Mabira ya mara moja kwa mwaka. Ukiwa mgeni eneo hilo, msalimie mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, kwanza ili usidhaniwe mwizi.

Hatua ya 2: Nenda asubuhi, jua likishatoka. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na miezi ya mvua mawingu hukusanyika mchana.

Hatua ya 3: Nyamazisha simu. Sisemi uiache nyumbani; mwanamke aliye peke yake asiiache kamwe. Zima data, zima sauti, itie mfukoni. Picha utapiga wakati wa kuondoka, kama bado utazitaka.

Hatua ya 4: Tembea kama huna unakokwenda. Hapa ndipo watu hushindwa, kwa sababu miguu yetu imezoea kuwahi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo. Hilo unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa kidole kwenye mshipa wa mkono. Ukijikuta umeongeza mwendo, simama tu.

Hatua ya 5: Anza na masikio. Watu wengi huanza na macho, na macho hutafuta kitu cha ajabu. Wakikosa mbega au hondohondo wanachoka na kurudi. Sikio halichagui. Simama, sikiliza kilicho mbali kabisa: bodaboda barabarani, mwadhini, mtu anayepasua kuni. Kisha vuta usikivu karibu zaidi, mpaka kwa wadudu walio miguuni pako. Usiuite mlio wowote mzuri au mbaya. Ndege kwarara atapiga kelele zake, mwache. Baada ya hapo nenda kwenye ngozi, upepo uko upande gani, kisha pua, na macho mwisho kabisa.

Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba akili tunayoitumia kukaza fikra, kwenye hesabu za duka au mtihani, huchoka. Majani yanayotikisika huvuta macho bila kulazimisha, na wakati huo ile akili iliyochoka inapumzika. Ndiyo maana sikusihi ukaze fikra juu ya mti. Ukikaza, umerudi kazini. Akili ikikimbilia deni la ada ya shule, nayo itakimbilia, irudishe kwenye sauti bila kujikaripia.

Hatua ya 6: Keti. Dakika 20 zinatosha kwa kuanzia. Angalia siafu kabla ya kukaa. Wapo wanaosisitiza kuandika daftari baadaye. Mimi sioni haja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naishi Kisenyi, Kampala. Mti ulio karibu nami ni mlingoti wa umeme. Nifanyeje?*

Pole ndugu yangu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala penye dirisha linaloona miti waliruhusiwa mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta. Hao walikuwa wagonjwa, sikuahidi makubwa. Ila anza na anga, mvua juu ya mabati, na wale kaloli, korongo wakubwa wanaozunguka juu ya jiji. Jumapili utafute mti.

*Mimi ni mama wa Mbale, kila siku niko shambani na jembe. Hiyo haihesabiki?*

Kwa mwili inahesabika sana, nnyabo. Kwa akili inategemea: ukilima huku unapiga hesabu ya bei ya maharagwe, akili haijapumzika. Ukiweka jembe chini, usiondoke mara moja. Keti kingoni mwa shamba, ufanye hatua ya 5.

*Nina presha. Nikizoea hivi naweza kuacha vidonge?*

Hapana. Upungufu uliopimwa ni mdogo. Meza dawa zako, na siku ya kliniki mwambie daktari kwamba umeanza kutembea.

*Vipi kuhusu fukwe na mapango?*

Fukweni keti pakavu. Miguu usiitumbukize ziwani, kichocho kipo. Mapango yenye popo usiingie kabisa: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, baada ya kuingia pango la popo kwenye msitu wa Maramagambo.

*Natoka Gulu. Nikikaa kimya porini, yanarudi ya wakati wa vita. Je, nivumilie mpaka yapite?*

Usivumilie, kaka. Kwa aliyekimbilia porini usiku akiwa mtoto, ukimya wa pori una habari nyingine, na somo hili halikutungwa kwa ajili yake. Acha hatua ya 6. Tembea mahali pa wazi, mchana, macho wazi, pamoja na mtu unayemwamini, na mzungumze mkitaka. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Nenda ukaonane nao kwanza, na mti utausubirisha.