Jinsi ya kuchagua pasi ya kushonea: mwongozo kwa mafundi na wanaounganisha vipande vya vitenge

Watu husifia cherehani, lakini gauni lililoshonwa vizuri hutambulika kwa jinsi mishono yake ilivyolala. Hiyo ni kazi ya pasi. Nashona magauni na mashati, na makombo ya vitenge yanayobaki nayaunganisha kuwa mablanketi na foronya. Pasi yangu inafanya kazi karibu baada ya kila mshono, na ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasinunue ya kwanza wanayokutana nayo dukani.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane jambo moja. Anayenyoosha nguo nyumbani anaiburuta pasi huku na huku. Fundi hufanya vingine: anaiteremsha juu ya mshono, anaiacha ikandamize kwa sekunde chache, anainyanyua, anaihamisha. Ukiburuta pasi juu ya vipande ambavyo havijakamilika kuunganishwa, hasa vilivyokatwa mshazari, vinavutika na mraba wako unakuwa na pembe zilizopinda. Ukishaujua mwendo huu wa kuteremsha na kunyanyua, utaona kwamba baadhi ya mambo wanayoyatangaza kwenye boksi hayakuhusu.

Hatua ya 1: Vijue vitambaa unavyoshona

Chomoa uzi mmoja kwenye kitenge chako, uwashe kwa kiberiti ukiwa mbali na vitambaa vingine. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inabaki majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekuapia kuwa ni pamba tupu, kwa sababu vitenge vya poliesta vimejaa sokoni na kwa macho vinafanana sana na vya pamba.

Joto la pasi huonyeshwa kwa nukta. Nukta moja ni kama nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, tatu ni 200. Nailoni inataka nukta moja, poliesta na sufu mbili, pamba na kitani tatu. Kama kazi yako kubwa ni vitenge na kanga za pamba, unahitaji pasi inayofika nukta tatu na kukaa hapo bila kupoa kila ukiiweka kwenye kitambaa.

Hatua ya 2: Kavu au ya mvuke?

Hapa ndipo watu wanapotumia fedha nyingi bila sababu. Kwa anayeshona pamba na kuunganisha vipande, ushauri wangu ni pasi kavu, nzito, pamoja na chupa ya kunyunyizia maji na kipande cha pamba nyeupe. Mshono ukikataa kulala, lowanisha kile kipande, kikamue, kiweke juu yake, kandamiza. Unapata mvuke pale pale unapoutaka, kwa kiasi unachokitaka. Pasi inayopuliza mvuke wakati wote inalegeza vipande vilivyokatwa mshazari, na vikishalegea ni vigumu kuvirudisha.

Kuna na suala la matundu. Kola na ncha za mikono ya shati huwekwa ndani kile kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja. Gundi inashika pale tu inapopata joto na mgandamizo, na chini ya tundu la mvuke hakuna mgandamizo. Shati likifuliwa, pale ambapo gundi haikushika panaanza kuvimba. Ukiwa na pasi ya mvuke, zima mvuke, kandamiza, nyanyua, kisha sogeza kidogo na urudie ili kila sehemu ipate chuma kitupu.

Pasi ya mvuke ina mahali pake. Ukishona suti za sufu, au magauni ya harusi yasiyotakiwa kuguswa na chuma, inunue. Angalia tu maji. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi, nayo huganda ndani na kuziba matundu, kisha siku moja pasi inatema maji ya kahawia juu ya satini nyeupe. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au ya chupa yaliyoondolewa madini. Usiwashe mvuke kwenye nukta moja, kwa sababu maji hayapati joto la kutosha na yatadondoka.

Na pasi ya mkaa? Mahali pasipo umeme bado inafaa sana: ni nzito, uso wake ni mzima, na haijali mgao. Lakini haina cha kupimia joto, hivyo ijaribu kila mara kwenye kitambaa kibovu, na pepea majivu ukiwa mbali na kazi yako. Usiitumie chumba kilichofungwa milango na madirisha. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyonuka, na inaua.

Hatua ya 3: Igeuze uangalie uso

Muombe muuzaji akutolee kwenye boksi. Ishike kama unavyoishika ukiwa kazini, uinyanyue na kuiteremsha mara kadhaa. Pasi kavu ya kilo moja na nusu hadi mbili inakandamiza kwa uzito wake yenyewe, bega lako linapumzika. Nyepesi inafurahisha dukani, lakini itakulazimisha uegemee juu yake siku nzima, na jioni mgongo utakuambia. Kama mkono wako una maumivu ya viungo, basi chukua nyepesi kidogo na ukubali kukandamiza kwa muda mrefu zaidi.

Sasa igeuze. Weka rula ya chuma upande wake mwembamba kwenye uso wa pasi, uangalie kwa mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, uso umepinda, iache. Pitisha kidole pembeni kutafuta ncha kali zitakazokwaruza satini. Kisha tazama pua yake. Kwa anayeunganisha vipande, pua iwe nyembamba kiasi cha kuingia katikati ya mshono wenye ziada ya robo inchi na kuufungua bila kugusa kipande cha jirani. Pua butu itakusumbua pia kwenye kola na kuzunguka vifungo.

Uso wa chuma cha pua au wa alumini nene unavumilia kazi za kila siku. Ule mweusi wenye utando usioshika unateleza vizuri, ila zipu moja inatosha kuukwaruza, na ukishabanduka hautengenezeki.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha umeme

Tanzania na Kenya tunatumia volti 230 hadi 240. Pasi iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni 100. Ukichomeka ya volti 120 kwenye 240, inavuta nguvu mara nne ya iliyokusudiwa, na itaungua muda huo huo. Kubadilisha plagi hakusaidii chochote.

Wati 1000 hadi 1200 zinatosha pasi kavu. Hata ikivuta mfululizo kwa saa nzima, ya wati 1000 inakula uniti moja ya umeme wa LUKU (ule wa kulipia kabla), na kwa kawaida hula pungufu kwa kuwa inajizima na kujiwasha ikifikia joto. Ya mvuke yenye wati 2400 inavuta kama ampia 10. Usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na cherehani na feni.

Waya uwe na urefu wa mita mbili au zaidi, na pale unapoingia kwenye pasi uwe unazunguka bila kukunjika. Pasi inayojizima yenyewe usipoigusa ni salama kwa mwenye watoto wadogo, lakini kwa fundi anayeshona kisha anarudi kwenye pasi, atakuta imepoa kila mara. Chagua kulingana na nyumba yako.

Hatua ya 5: Iwashe kabla hujalipa

Weka joto la chini, kisha pandisha taratibu hadi usikie mlio mdogo wa "tik" na taa iwake. Subiri taa izime. Isipozima kabisa, kinachodhibiti joto ni kibovu. Ikiwa na harufu ya plastiki inayoungua baada ya dakika chache, irudishe. Isimamishe kwa kisigino chake utikise meza kidogo. Inayoyumba itaanguka juu ya kazi yako. Dai risiti yenye tarehe na muda wa waranti.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Pitisha pasi ya moto kwenye shuka kuukuu la pamba hadi isiache alama yoyote. Vitenge vyako vifue kabla ya kukata, kwa maana ile wanga ya kiwandani hung'ang'ania uso wa pasi na kuacha madoa ya kahawia. Kisha shona miraba miwili midogo ya makombo, kandamiza mshono kwanza ukiwa umefungwa kama ulivyotoka kwenye cherehani, halafu ulaze upande wa kitambaa cheusi zaidi usionekane kwa juu. Pima kwa futi. Ikiwa kipande kimerefuka kuliko ulivyokikata, punguza joto au acha kusukuma, ujaribu na makombo mengine kabla hujagusa kitambaa cha mteja.